Matembezi ya msituni yalitufikisha kwao mavyaa, na sasa nyumba haina amani

Shikamoo, Shangazi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, na makazi yetu ni Kisauni, Mombasa. Mavyaa wangu anaishi nasi tangu alipofiwa na mumewe. Ni Mgiriama aliyezaliwa katika kijiji kinachopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, upande wa Jilore, na umri wake umekwisha kupita miaka 75. Kwa muda sasa amekuwa msahaulifu kupita kiasi: hurudia swali lile lile asubuhi nzima, huweka pesa mahali kisha akadai zimeibwa, na majina ya wajukuu wake humponyoka. Baadhi ya siku, jua linapokaribia kuchwa, hukunja leso zake, akazifunga pamoja, na kusema kwamba anataka kwenda kwao.

Mume wangu na dada zake waliafikiana kwamba mama asipelekwe tena kijijini, na sababu yao naifahamu. Alipokwenda huko mara ya mwisho kwa ajili ya matanga, alitoka usiku bila mtu kumwona, akapotea, na kulipopambazuka alikutwa ameketi uani kwa watu wasiomjua, huku vijana wamemzunguka wakimhoji alikuwa akitafuta nini gizani katika boma la wenyewe. Alinusurika kwa kuwa mzee mmoja wa jirani alimtambua na kumtaja kwa jina la babake. Wewe unajua, Shangazi, mzee anayekutwa katika hali ile husingiziwa nini.

Katika likizo ya Agosti niliwapeleka watoto kutembea msituni kwa kuingilia upande wa Gede, jambo ambalo mume wangu alikuwa amelikubali. Yeye alikuwa zamu bandarini, na kwa kuwa mavyaa hawezi kuachwa peke yake, tulikwenda naye, tukiendeshwa na binamu yangu. Tulichukua mwongozaji, kwa sababu msitu ule una ndovu na njia zake hupoteza wageni. Nilidhani mama angechoka mapema na kuomba kurudi garini. Badala yake ndiye aliyetangulia. Alisimama mbele ya mti mkubwa, akauwekea kiganja, akasema huu ni mbambakofi, kisha akainama na kuokota mbegu yake nyeusi yenye kofia nyekundu, akawaonyesha watoto jinsi walivyozichezea utotoni. Mwongozaji alipoanza kueleza habari za mnyama mdogo mwenye pua ndefu na makalio ya rangi ya dhahabu, mama alimkata kauli kwa upole, akasema huyo ni sange, na kwamba hulala ndani ya tundu la majani makavu. Mwongozaji alinyamaza akamwachia yeye maelezo yote yaliyobaki. Sikuwahi kumsikia akizungumza kwa muda mrefu namna ile tangu aje kwetu.

Tulipotoka msituni, mchana ulikuwa bado mchanga. Mavyaa alinishika mkono, akaniambia kwa sauti iliyotulia kabisa: "Mwanangu, nipeleke nikamwone ndugu yangu." Nilimpigia mume wangu, simu yake ikawa imezimwa kama kawaida ya zamu, nikamwandikia ujumbe. Binamu yangu alisema kwamba tukipitia Malindi na kushika barabara iendayo Tsavo Mashariki, tungefika Jilore na kurudi kabla ya giza. Tukaenda.

Mjomba wa mume wangu alikuwa ameketi chini ya mwembe. Walipoonana, walishikana mikono na kuzungumza Kigiriama bila kusita, wakiulizana habari za watu ambao wengi wao ni marehemu. Wakati wa kupika, mama aliingia jikoni bila kuitwa, akavuta mbuzi ya kukunia nazi, akaketi juu yake na kukuna nazi mbili hadi mwisho, akikizungusha kifuu kwa vidole bila kuruhusu hata chembe moja nyeusi ianguke katika nazi iliyokunwa. Nyumbani kwetu hatumruhusu kuingia jikoni kwa kuogopa moto. Tulikula wari, yaani ugali, na mboga ya majani ya mtsunga iliyotiwa tui, tukaaga, na kabla hatujavuka daraja la Kilifi alikuwa amelala usingizi mzito.

Mume wangu alikasirika mno. Alisema nimelivunja neno lake na la dada zake. Wifi yangu mkubwa alisema kwamba nimemfanya mama yake kuwa kisingizio cha starehe zangu. Baya zaidi ni kwamba tangu siku ile mavyaa hufunga leso zake karibu kila jioni, na wifi analishika hilo kama ushahidi kwamba safari ilimharibu. Sasa anataka kumchukua akaishi naye Nairobi, katika nyumba ya ghorofa ya nne. Pia binti yangu mwenye umri wa miaka 9 ameniuliza swali nililoshindwa kulijibu: kwa nini bibi anaujua mti, lakini yeye hamjui jina?

Je, nilifanya kosa kumpeleka? Na akiniomba tena, nimjibu nini?

Mkaza Mwana, Kisauni

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na hofu ya mume wako, kwa sababu mtu yeyote atakayekushauri bila kuipa uzito wake hakutakii mema. Wazee katika Kaunti ya Kilifi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya shutuma hizo kumekuwa na ugomvi wa mashamba. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau yumo katika hatari ya pekee, kwa maana ugonjwa wenyewe humtoa nyumbani saa ambazo watu wengine wamelala, humfikisha milangoni mwa wasiomjua, na humnyima maneno ya kujieleza anapoulizwa. Mume wako alikaribia kumpoteza mama yake kwa njia hiyo. Ongeza juu yake msitu wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, wenye ndovu ndani, ambao mama huyo anauona kama uwanja wa nyumbani kwao na anaweza kuingia wakati wowote bila woga. Amri ya mume wako ilizaliwa na mapenzi yaliyotishika, na ukizungumza naye, zungumza naye ukijua hivyo.

Pamoja na hayo, jibu langu kwa swali lako la kwanza ni kwamba hukufanya kosa kumpeleka. Ulikuwa na gari, ulikuwa na mtu mzima mwingine, ulikwenda mchana, ulimtafuta mumeo kwa simu na kwa maandishi, ukamrudisha mama salama kabla ya usiku. Kilichompata kule matangani kilitokea usiku, katikati ya watu wengi ambapo kila mmoja alidhani mwenzake anamwangalia. Hizo ni hali mbili tofauti kabisa, na katazo lililofaa kwa ile ya kwanza lisichukuliwe kuwa limeizuia na hii ya pili.

Sasa niseme juu ya ugonjwa wenyewe, maana naona katika barua yako kwamba hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kumpeleka mama kwa daktari kwa ajili ya usahaulifu huu. Kama mmempeleka, hukulitaja. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu zaidi ya milioni 55 duniani wanaishi na dimensia, yaani ugonjwa wa kusahau, na maradhi ya Alzheimer ndiyo chanzo kikubwa kuliko vyote. Si sehemu ya kawaida ya uzee, na wala si laana. Dawa ya kuiponya haijapatikana, lakini yapo maradhi mengine yanayofanana nayo ambayo hutibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, huzuni nzito inayofuata kufiwa, dawa fulani za shinikizo la damu au za usingizi zinapotumiwa pamoja, na kwa wazee, hata ambukizo la njia ya mkojo linaweza kumvuruga mtu akili ghafla. Mavyaa wako alifiwa kabla ya kuhamia kwenu. Huenda huzuni imo ndani ya haya yote. Mpelekeni hospitali ya rufaa, mwombe daktari ampime damu na kumhoji kwa utaratibu, na mchukue dawa zake zote zinazotumika, zile za duka na za miti, mkamwonyeshe. Ninakusihi jambo hili litangulie mengine yote.

Swali la binti yako lina jibu, na anastahili kulipata. Katika maradhi ya namna hii, sehemu ya ubongo inayoweka mambo mapya huathirika mapema, ilhali yale yaliyowekwa utotoni na ujanani hukaa kwa muda mrefu zaidi. Mbambakofi na sange viliingia katika akili ya bibi zaidi ya miaka 60 kabla ya binti yako kuzaliwa. Mwambie hivyo kwa maneno ya umri wake: kwamba ugonjwa unaanza kula mambo ya karibuni, kwamba jina lake ni la karibuni, na kwamba bibi bado anamfurahia anapomwona hata jina lisipokuja. Mwambie pia asimjaribu bibi kwa maswali ya "mimi ni nani?", bali aanze yeye kujitaja anapomwamkia. Mtoto wa miaka 9 akipewa kazi hiyo huitekeleza vizuri kuliko watu wazima wengi.

Na mikono nayo ina kumbukumbu yake. Uliyoyaona jikoni kwa mjomba, jinsi alivyokizungusha kifuu bila kuchubua gamba jeusi, ni ujuzi uliojengwa kwa kurudiarudia maisha yote, nao hudumu hata baada ya majina na tarehe kutoweka. Niruhusu niseme wazi kwamba mmemnyang'anya mama huyu kitu kikubwa kwa kumzuia kuingia jikoni. Hofu ya moto ni ya haki, lakini mbuzi haina moto. Nunueni mbuzi, muiweke barazani au uani, na kila siku mnapopika kwa nazi mumpe akune. Mpe kuchambua mchele, kuchuma majani ya mchicha na kukunja nguo zilizokauka. Mwanamke aliyelea familia nzima kwa mikono hii anapokaa siku nzima bila kazi, jioni inamkuta na dukuduku lisilo na pa kwenda.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wifi yako. Anasema safari ndiyo iliyoleta ufungaji wa leso, lakini wewe mwenyewe umeandika kwamba mama alikuwa akifunga leso kabla ya safari. Kutotulia saa za jioni ni jambo linalojulikana sana kwa wagonjwa wa namna hii: uchovu wa mchana umejikusanya, mwanga umepungua, vivuli vinawatisha, na saa ya ndani ya mwili imevurugika. Inawezekana kweli kwamba kumwona ndugu yake kumemwongezea hamu, na hilo sitalikana. Lakini hamu ya ndugu haitokani na ugonjwa, na haiponywi kwa kumficha ndugu huyo.

Anaposema anataka kwenda kwao, usimwambie kwamba kwao ni hapa, na usimkumbushe kwamba wazazi wake walikwisha kufa. Maneno ya kwanza humfanya ajione amefungwa, na ya pili humpa msiba upya kila jioni. Muulize habari za huko: ni nani aliye nyumbani, mwembe unazaa, mama yake alipika nini. Mara nyingi anachokitafuta ni usalama aliokuwa nao mahali pale, na mazungumzo humrudishia sehemu yake. Washa taa kabla giza halijaingia, punguza kelele za televisheni saa hiyo, na umtembeze kidogo hadi nje ya lango na kurudi mkiwa mmeshikana mikono. Mlango uwekeeni kengele, mpate kujua anapotoka. Msimfungie ndani peke yake hata kwa dakika chache, kwa maana moto ukizuka hataweza kujitoa.

Kuhusu kumpeleka tena, rai yangu ni kwamba apelekwe, ila iwe ni safari ya familia iliyokubaliwa. Ninaona mngeianza kinyume: mjomba aje kwenu kwanza. Umesema ameketi chini ya mwembe, sijui nguvu zake zikoje, lakini kama anaweza kusafiri, mpelekeeni nauli na mtu wa kumsindikiza akae nanyi Kisauni siku kadhaa. Yatatokea mambo mawili. Mavyaa wako atampata ndugu yake bila hatari ya usiku wa kijijini, na mume wako atayasikia haya kutoka kwa mjomba wake, ambaye neno lake katika jamii yenu lina uzito ambao lako, kama mke, halitaupata hata ukilisema vizuri namna gani. Mwache mjomba aeleze alimwonaje dada yake siku ile. Wewe hutakuwa na haja ya kujitetea.

Ikifika siku ya ninyi kwenda, ondokeni alfajiri. Chagueni jambo moja tu, ama msitu ama ndugu, kwa sababu siku ile ya Agosti mlifanya yote mawili na ikafana, lakini mgonjwa wa namna hii akichoka kupita kiasi hubadilika ghafla, na mkiwa porini au katikati ya barabara mtapata taabu. Ikiwa ni msitu, kaeni karibu na lango, mtembee kwa mwendo wake, na msimwache mwongozaji atangulie mbali. Awepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni mavyaa peke yake, na mwingine wa kuwaangalia watoto. Mtu mmoja hawezi kumfuata mtoto anayekimbilia kipepeo na mzee anayekwenda kinyume. Chukueni maji ya kutosha, chakula alichokizoea, dawa zake za saa hiyo na leso za kubadilisha. Nambari za simu zenu zishonwe kwa uzi katika upindo wa leso anayovaa, kwa sababu mkoba anaweza kuuacha popote. Asilale kijijini. Na kabla hajafika, mjomba aende kwa majirani zake na kwa mzee wa kijiji awaambie waziwazi kwamba dada yake ana maradhi ya ubongo, kwamba akionekana popote peke yake ashikwe mkono na kuletwa nyumbani. Nimeona familia zikiuficha ugonjwa huu kwa aibu, na ufiche huo ndio unaompa mtu mwenye nia mbaya nafasi ya kusema lake.

Wazo la Nairobi ninalipinga, ingawa ninaamini wifi yako analisema kwa kumpenda mama yake. Mgonjwa wa dimensia akihamishiwa mahali pageni mara nyingi huchanganyikiwa zaidi, kwa maana pale alipopazoea miguu humwelekeza chooni na kitandani hata akili inaposahau. Ghorofa ya nne ina ngazi na roshani, haina ua wa kutembea, na jirani wa huko hatamwamkia kwa Kigiriama. Kama wifi anataka kubeba sehemu ya mzigo huu, na inaonekana anataka, aje Kisauni akae na mama kwa likizo zake ili wewe upumzike, au achangie mshahara wa msaidizi wa mchana. Wewe nawe unahitaji hilo. Umeandika barua ndefu juu ya kila mtu wa nyumba hiyo, na hukuandika hata sentensi moja kuhusu usingizi wako.

Usisubiri mume wako aitishe kikao ndipo mkutane na wifi mkiwa pande mbili. Mpigie simu wewe kabla. Mweleze habari ya nazi na ya mbambakofi kama ulivyonieleza mimi, bila kugusa maneno aliyokutupia, kisha mwombe mambo mawili: afuatane nanyi siku ya kumpeleka mama kwa daktari, na atafute picha za zamani alizonazo za mama na ndugu zake, mpate kuzitumia jioni. Akikubali lile la kwanza, mwachie yeye apange tarehe.

Shangazi